Siku ya chanjo kwenye manyata ya Wamatheniko

Saa kumi na moja alfajiri. Mji wa Moroto, Uganda, bado una giza. Mlima Moroto, wenye kimo cha mita 3,083, umekaa mashariki ya mji, kwa hiyo jua la hapa huchelewa: anga huwa jeupe muda mrefu kabla mwanga haujateremka mitaani. Napanga chupa za chanjo kwenye kasha la barafu kwa taa ya simu. Chupa moja ni dozi 100 za kukinga mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka, ugonjwa ambao sisi Waturkana tunauita lomoo. Mimi ni mtu wa Loima, Kenya, na kazi yangu ni mifugo. Wiki hii tumevuka mpaka kuchanja pamoja na wenzetu wa Uganda, maana ukichanja upande mmoja tu, kiangazi kikija mifugo inakutana malishoni na kazi yote inarudi nyuma. Lomoo ilituingilia Turkana mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikawa Karamoja, eneo hili la kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mama yangu alibakiwa na mbuzi wanne. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na mimi naliamini lengo hilo, kwa sababu sotoka ya ng'ombe ilikuwa mbaya kuliko huu na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha.

Saa kumi na mbili na nusu tunashika njia ya Rupa. Dereva wetu ni mtu wa Busia, kijana mchapakazi asiyejua neno la Kikaramojong. Tunapishana na kina mama waliojitwika magunia ya makaa wakielekea sokoni. Hao wametoka nyumbani usiku.

Saa moja na nusu tumefika kwenye manyata, kijiji chenye ua cha Wamatheniko, ambao ni kundi moja la Wakaramojong. Kwa mbali manyata huioni, unaona ua tu: matawi na miiba iliyosukwa ikabana, imepita kimo cha mtu, na juu yake unachungulia moshi. Ukikaribia unatafuta mlango na huuoni mpaka mtoto akuonyeshe. Ni tundu la kufikia kiunoni. Kasha la barafu linatangulia, mimi nafuata nimepiga magoti, mkono mmoja chini kwenye vumbi la samadi. Uwazi umefanywa hivyo kwa makusudi. Adui akitaka kuingia lazima atangulize kichwa akiwa ameinama, na aliye ndani amesimama anamsubiri. Nikishaunyoosha mgongo najikuta kwenye kijia chembamba kati ya ua na ua, halafu kuna tundu jingine, na jingine. Kila mke ana kiwanja chake, ekal, chenye nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi na ghala la mtama, kapu kubwa lililoinuliwa juu ya miti na kusiribwa kwa samadi. Ujenzi ni kazi ya wanawake tangu kukata fito mpaka kuezeka. Nilimkuta mama mmoja anaziba ufa wa ghala kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Nikamsalimu, "Ejoka, toto." Ninyi wasomaji wa Kiswahili msishangae: kwao na kwetu, toto ni mama.

Saa mbili mpaka saa tatu na robo hakuna sindano. Tumekaa chini ya mti nje ya ua pamoja na wazee, kila mmoja juu ya ekicolong yake, kigoda ambacho usiku ndicho mto wa kulalia. Mzee mwenyeji wetu anajulikana kwa jina la maksai wake, kama ilivyo desturi ya wanaume hapa, ila mimi namwita Papa, yaani baba. Anauliza habari za mvua Loima. Anauliza za majani, za bwawa la Kobebe ambako vijana wake na vijana wa kwetu wananywesha pamoja, za nani amekufa. Tunasikilizana bila mkalimani, maana lugha zetu ni ndugu. Babu zetu waliibiana ng'ombe na kuuana kwa miaka mingi, na mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wakakubaliana amani kule Lokiriama. Papa alikuwa kijana wakati huo. Anaitaja Lokiriama kama mtu anavyotaja harusi yake.

Zamani nilikuwa siiwezi subira hii. Safari yangu ya kwanza Karamoja nilifungua chupa na kuichanganya kabla wazee hawajamaliza kuzungumza, nikidhani naokoa muda. Chanjo ikishachanganywa haikai, ndani ya saa mbili hivi iwe imetumika. Mazungumzo yakapita hapo, nikamwaga dozi 60 mchangani mbele ya watu waliokuja na mbuzi wao. Bado inaniuma. Leo nangoja mpaka Papa asimame na kumwomba Akuj, Mungu wetu, sisi tukiitikia kila neno lake kwa pamoja, ndipo nafungua ya kwanza.

Saa tatu na nusu zizi limejaa vumbi na kelele. Mililita moja chini ya ngozi nyuma ya bega, alama ya rangi mgongoni, anayefuata. Watoto wanakamata kwa mguu wa nyuma, kina mama wanasimamia. Hawahesabu. Wanataja: yule wa madoa, yule wa sikio jeupe, yule aliyezaliwa mapacha, na kama mmoja hajapita wanajua kabla yangu.

Karibu saa nne na nusu beberu mwekundu akawaponyoka watoto akakimbilia kwenye tundu. Dereva wetu, aliyekuwa anasaidia kwa moyo wote, akapaza sauti: "Shika huyo! Asitoroke! Leta hapa!"

Zizi lote likanyamaza. Mama aliyekuwa karibu yangu akamvuta mwanawe nyuma ya sketi. Mvulana wa miaka kama kumi na sita akakaa chini, mikono juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia akae. Beberu akatoka zake.

Papa akanijia polepole. Akaniambia kwa lugha yetu kwamba maneno hayo wanayajua. Akaanza kuyahesabu kwa vidole, kwa Kiswahili: kaa chini, mikono juu, bunduki iko wapi, twende. Hicho ndicho Kiswahili chake chote. Amin alipoanguka mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, bunduki zikaenea kila ua. Jeshi likaja kuzikusanya mwaka 2001, likarudi 2006, na ile operesheni ya Julai 2021 ilipewa jina la Kiswahili kabisa, Usalama kwa Wote. Lugha ya jeshi la Uganda ni Kiswahili, na ilimfikia Papa alfajiri, kupitia tundu lile lile nililoingilia mimi. Hakuitetea bunduki. Ilimchukulia wana wawili, aliniambia, wizi wa mifugo ukamchukulia ng'ombe karibu wote, na waliobaki wanalala kwenye boma la pamoja karibu na kambi ya wanajeshi. Alichotaka nijue ni namna sauti ile inavyosikika hapa.

Mimi nimeimba kwa Kiswahili, nimesali na kumtongoza mke wangu kwa Kiswahili. Nilisimama na bomba la sindano mkononi nisijue la kusema. Dereva alipofasiriwa alivua kofia, akamwendea Papa, akainama, akashika mkono wake kwa mikono miwili: "Nisamehe, mzee wangu." Nikafasiri. Papa akauliza neno la mwisho maana yake nini. Nikamwambia ni heshima kwa aliyekutangulia kuzaliwa. Akanyamaza kidogo, halafu akamwita yule mvulana ainuke akamtafute beberu. Kazi iliyobaki tuliifanya kwa sauti za chini.

Saa saba mchana jua haliruhusu kazi. Tunakaa kivulini kwenye ekal ya mke mkubwa wa Papa. Kibuyu cha maziwa ya mgando kinazunguka. Ni ya mbuzi, machache, na najua kuna watoto humu ambao leo wameshinda kwa machicha ya pombe ya mtama. Kukataa kungekuwa tusi. Nilionja nikapitisha, na dereva akafanya kama mimi.

Saa kumi alasiri tunamaliza: mbuzi na kondoo 312, chupa nne, moja haikwisha.

Saa moja usiku tuko Moroto. Njiani dereva aliniomba maneno matatu ya kuanzia. Nilimpa ejoka ya kusalimia, alakara ya kushukuru, na toto. Ameyarudia mpaka mjini. Sasa naosha mabomba ya sindano, barafu mpya iko kwenye friza ya jirani, na kesho saa kumi na moja tunakwenda Kobebe kwa wale mbuzi walioko malishoni. Papa ametuma ujumbe kwa vijana wake kwamba tutafika, na kwamba yule mwenye kofia ni mtu mzuri.