Ruthu 4 na hesabu ya ukombozi

Fungua Ruthu 4 katika kikundi cha Biblia hapa Kisumu, na haichukui muda kabla mtu hajataja tero, desturi ya Waluo ya kurithi mjane. Inaeleweka, ila hapo sheria mbili zinachanganywa. Kumbukumbu la Torati 25:5-10 inawahusu ndugu wakaao pamoja, mmoja wao akafa bila mwana: nduguye anamwoa mjane. Mambo ya Walawi 25 inahusu shamba lililouzwa kwa umaskini, na hata mtu aliyejiuza mwenyewe: jamaa anaweza kuvikomboa kwa malipo. Pale langoni, mbele ya wazee kumi, Boazi, jamaa ya marehemu Elimeleki, alianza na shamba la Elimeleki. Suala la Ruthu, mjane wa mwana wa Elimeleki, akalileta baadaye.

Hesabu yenyewe iko Walawi 25:50-52. Aliyejiuza alihesabiwa miaka iliyobaki hadi yubile, mwaka wa hamsini wa kuachiliwa huru: ikiwa mingi, fidia ni kubwa, ikiwa michache, inapungua. Mkombozi alitakiwa awe jamaa, awe na uwezo, na akubali. Yule jamaa wa karibu kuliko Boazi alikubali kulinunua shamba, kisha aliposikia habari ya Ruthu akaogopa kuharibu urithi wake. Akavua kiatu, ishara ya kuachia haki yake, mambo yakaishia hapo.

Ukiyashika masharti hayo matatu ya mkombozi, Agano Jipya halikupi shida. Waebrania 2:14: Kristo alishiriki damu na nyama, ndiyo ujamaa. 1 Petro 1:18-19: hakulipa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu. Yohana 10:18: hakuna aliyemwondolea uhai wake, aliutoa mwenyewe.

Wengi huteleza kwenye swali la nani alipokea fidia ya Marko 10:45, ambapo Yesu anasema amekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, aliona ni shetani. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nazianzo alikataa katakata, kwani mnyang'anyi halipwi. Mimi niko na Gregori. Katika Kutoka 6:6 Mungu anaahidi kuikomboa Israeli, na Farao hakupata hata shekeli. Deni tulilokuwa nalo Wagalatia 3:13 inalitaja: laana ya torati.

Siku hizi Hesabu 3:46-48 inatumika kudai sadaka ya kumkomboa mzaliwa wa kwanza. Soma yote. Mungu aliwachukua Walawi badala ya wazaliwa wa kwanza wa Israeli; wazaliwa wa kwanza waliozidi idadi ya Walawi walikuwa 273, shekeli tano kwa kila mmoja, jumla 1,365, wakapewa Haruni na wanawe kufidia pengo hilo. Anayetaka kukutoza leo, mrudishe kwa 1 Petro 1:18-19.