Jiwe la kwenye buti

Juzi tukishusha unga na viazi, kitinda mimba wangu akalitoa lile jiwe kwenye buti la gari. "Mama, hili ni la nini?" Nikamwambia alirudishe lilipokuwa. Akaniangalia vile wananiangaliaga siku hizi, lakini akalirudisha.

Ilikuwa 2009, na mwalimu wa udereva alishaniambia niko sawa. Kwenye ule ubao wao uliochorwa barabara sikuwa na mpinzani. Kigari cha plastiki nilikisukuma kwa madaha: raundabauti, natazama kulia, nawaachia wenye haki, naingia. Ubao ule ni tambarare kama meza. Hilo sikuliwaza hata mara moja.

Jumamosi hiyo Mjomba akasema tutoke Kisumu twende hadi Kiboswa na pikapu yake, Peugeot 504. Tukafunga zile L nyekundu za mwanafunzi kwa kamba, mbele na nyuma. Gari la shule lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu. La Mjomba lilikuwa na Mjomba.

"Na breki ya mkono?"

"Iko. Ila usiitegemee sana."

Kondele, Mamboleo, yote nilipita. Tukaanza kupanda kilima cha Riat, na hata nikathubutu kuchungulia ziwa kwenye kioo. Mbele yetu matatu ikasimama ghafla kushusha mama mmoja na kuku wake. Nami nikasimama. Nyuma yangu likasimama lori la mchanga, karibu hivi kwamba kioo chote kilijaa pua yake.

Matatu ikaondoka. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimelikariri: klachi chini, gia ya kwanza, achia klachi polepole mpaka sauti ya injini ishuke na pua ya gari iinuke kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie breki ya mkono. Nikaachia klachi. Gari likaruka, likazima. Tukarudi nyuma, pengine hatua moja. Lori likapiga honi. Nikawasha tena, safari hii nikakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, na klachi ikaanza kunuka, ile harufu ya kitu kinachoungua ambacho si chakula. Likazima. Tukarudi tena. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatetemeka wenyewe, nikiutazama kama mguu wa mtu mwingine. Mjomba, msemaji wa kila matanga, alikuwa kimya kabisa.

Kisha nikasikia kitu kikigonga chini, nyuma ya gurudumu. Tanboi, yaani utingo, wa lile lori alikuwa ameruka na jiwe mkononi, akalikaza kwenye tairi yetu. Akaja hadi dirishani, vumbi la mchanga hadi kwenye kope. Nilingoja matusi.

"Dada, sasa haiendi popote. Pumua kwanza."

Nikapumua. Honi zilikuwa zinaendelea huko chini, lakini jiwe lilikuwa pale. Nikaachia klachi polepole, polepole, na kwa mara ya kwanza nikaisikia, ile pua kuinuka, gari likinivuta badala ya mimi kulisukuma. Tukaondoka. Kwenye kioo nikamwona akiinama kuokota jiwe lake, akikimbilia lori.

Sikusimama kumshukuru. Ningesimamaje? Kusimama ndiko kulikokuwa tatizo.

Mtihani nilipita, kwenye barabara isiyo na kilima. Mjomba akaanza kusema mbele za watu kwamba ni yeye aliyenifundisha, na nikamwachia. Jiwe langu la kwanza nililiokota wiki hiyo hiyo, na hili la sasa ni la tatu. Gari langu la leo ni otomatiki. Halina hata klachi.

Mtoto alipomaliza kubeba viazi akauliza kama nimewahi kulitumia. Nikafikiri sana. Mara moja, mlango wa jikoni ulipokuwa ukijifunga na upepo.