Umeshazoea

Jumatano ya Juma la Mateso, saa nne usiku. Mvua haijakatika tangu mchana.

Gauni la Mama Mwenyekiti liko hapa mezani. Nimeshalikata, nimeshaliunganisha, limebaki pindo na vifungo vitatu vya mgongoni. Kazi ya nusu saa. Lakini tangu Jumatatu kila nikilishika mkono unagoma. Analitaka la Pasaka. Najua analitaka la Pasaka. Ngoja niandike kwanza.

Ni hivi. Jumapili ya Mitende tulipotoka ibadani, kinamama tulisimama chini ya mparachichi nyuma ya kanisa kama kawaida yetu, matawi bado mikononi, ndipo habari ikafika kwamba yule kijana wa bondeni, dereva wa lori, amefariki njiani akitoka Kyela na mzigo wa mchele. Mkewe ni binti mdogo, mtoto bado ananyonya. Papo hapo tukaanza kugawana kazi: nani anapika, nani anachangisha, nani anatafuta kuni kavu kwenye mvua hii. Ikafika zamu ya nani akae ndani na mfiwa. Kimya. Mnakijua kimya kile, kila mmoja anaanza kukagua kucha zake. Mama Mwenyekiti akanigeukia, wala hakupunguza sauti.

“Nenda wewe, fundi. Wewe umeshazoea.”

Nikasema, “Haya.”

Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyetukanwa. Wenzangu walikuwa wameshahamia kwenye hesabu ya masufuria. Mimi nikabaki na tawi langu la mtende mkononi kama mtu aliyesahaulika stendi.

Umeshazoea. Mtu huzoea kiatu kipya kikaacha kumbana. Mtu huzoea baridi ya Tukuyu, huzoea kelele za cherehani mpaka akalala zikilia. Mimi nimezika mume mwaka 2018, nikazika kitinda mimba wangu mwaka 2021 kwa selimundu, mnaonisoma siku zote mnajua, sitarudia. Sasa kwa hesabu yake Mama Mwenyekiti mazishi mawili ndiyo uzoefu? Napewa na cheti?

Jumapili nzima nilikuwa namjibu. Menya ndizi, namjibu. Chota maji, namjibu. Jibu la Jumapili jioni lilikuwa fupi: “Kwani wewe mama umezoea?” Zuri, ila yeye naye ni mjane, lingemwumiza, na nilijua lingemwumiza, ndiyo maana nililipenda. Jibu la Jumatatu asubuhi lilikuwa refu na lilikuwa na aya ya Biblia ndani yake, na ndilo lililokuwa kali kuliko yote. Hivi ndivyo nilivyoingia katika Juma la Mateso. Katikati ya hayo mdogo wangu amejifungua mapacha huko Mbeya, wote wazima, na daraja letu la miti la kule mtoni limekwenda na maji, lakini mimi kichwani nilikuwa na maneno mawili tu. Umeshazoea. Haya.

Na hiyo “haya” ndiyo inayoniudhi zaidi. Ningenyamaza ingekuwa heri.

Jumatatu jioni nikaenda. Nyumba ya vyumba viwili, kinamama wamejaa chini kwenye mikeka na magodoro, dirisha limezibwa na blanketi, hewa nzito ya moshi na kanga zilizonyeshewa. Binti ameegemea ukuta, mtoto anavuta ziwa huku mama mwenyewe hayupo pale. Kila anayeingia anamshika bega na kumwambia, “Jipe moyo, mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa.” Nilihesabu. Kabla ya chai nilikuwa nimefika mara kumi na moja.

Niseme jambo hapa, mtanisamehe. Maneno hayo nimeyatafuta kwenye Biblia, hayamo. Yaliyomo ni ya Ayubu, “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe,” nayo pia tunapenda kuwasomea watu msibani. Lakini hayo aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wangeishia hapo wangekuwa mashujaa wa kitabu kile. Wakafungua midomo, na mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa amelalamika sura kwa sura.

Kwa hiyo nilikaa, sikusema. Niliona miguu yake iko wazi kwenye sakafu ya saruji, nikaenda jikoni nikaomba maji ya moto kwenye beseni, nikamwosha, nikamvika soksi zangu. Hakuna aliyewaza miguu. Mwaka 2018 miguu yangu mimi ilikaa baridi siku tatu na hakuna aliyewaza pia.

Usiku kama saa nane hivi wengi wamesinzia, taa ya chemli imepunguzwa, uji wake umeganda utando juu. Nilidhani naye amelala.

“Mama.”

“Abee, mwanangu.”

“Shati lake ulilifua lini?”

Sikuuliza shati gani. Lake lilikuwa limening’inia kwenye msumari nyuma ya mlango, la bluu, limechakaa mabegani. Langu liko chini kabisa kwenye sanduku la vitambaa. Ni la miraba, nililishona mwenyewe. Kola ina mstari wa jasho, na mkono wa kushoto hauna kifungo. Kifungo kile aliniomba mara tatu. Mara ya tatu alicheka, akasema watu watamshangaa, mume wa fundi anatembea na mkono wazi, nami nikamwambia kesho. Harufu yake ilikwisha mwaka wa pili, sasa linanuka dawa ya nondo. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata hapa sijawahi kuliandika.

“Sijalifua,” nikamwambia.

“Mpaka leo?”

“Mpaka leo.”

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akavuta bakuli, akautoa ule utando kwa kidole, akanywa uji nusu. Tangu Jumapili alikuwa hajatia kitu mdomoni, mama yake alinieleza asubuhi. Akaweka bakuli chini akasema, “Basi na mimi silifui,” akalaza kichwa mapajani mwangu na mtoto wake kifuani, akalala. Mimi sikuweza hata kujikuna, niliogopa kumwamsha.

Nilitoka pale alfajiri kwenda kukamua. Njiani giza bado, matope, Mlima Rungwe umefunikwa wote. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilitumwa kule kwa sababu nimezoea, na kilichomfanya yule binti anywe uji ni kwamba sijazoea. Nilicheka peke yangu njiani, mtu angeniona angesema fundi naye amepotelewa.

Paulo anawaandikia Wakorintho, barua ya pili, sura ya kwanza kabisa, kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja ile ile. Aya hiyo nilisomewa mwaka 2018 na nikasomewa tena 2021, na nilikuwa naishia kwenye “hutufariji.” Nilitaka yangu. Jumatatu usiku nimeelewa kwamba ilikuwa kama kitambaa cha mteja, kinalala kwangu lakini kina mwenyewe.

Ila sitaki mtu adhani faraja ilinijia kwa nyimbo na machozi ya furaha. Ilinijia na ng’ombe. Asubuhi ile baada ya kumzika mwanangu, saa kumi na moja, ng’ombe akalia, kiwele kimejaa. Ng’ombe hajui msiba. Nilimtukana, nikaamka nikamkamua. Kesho yake akalia tena. Wakati ule nilikuwa siwezi kusali, nilikuwa nafungua tu Maombolezo kwa sababu ya jina lake, nikakutana na ile sura ya 3, kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi. Aliyeandika hivyo alikuwa ameutazama Yerusalemu ukiteketezwa na watu wakifa kwa njaa barabarani, hakuwa mtu aliyekaa mahali pazuri. Nikasema sawa, kila asubuhi. Za mwaka mzima sikupewa, hata za wiki sikupewa. Kama maziwa, ya jana yameshaganda. Nilichoweza ni kwenda kuchukua ya leo na ndoo yangu, na siku nyingine ilikuwa robo ndoo.

Tulizika jana Jumanne, mchungaji alihubiri kwa kifupi, Mungu ambariki.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoniharibia hasira yangu.

Wakati tunarudi kutoka kuzika, binti aliniuliza kama Jumapili alfajiri ataruhusiwa kuja makaburini, kaburi likiwa bichi hivyo. Nikamwambia ndiyo hasa mahali pake. Kwa wageni wa ukurasa huu, sisi Wamoravian Pasaka yetu huanzia makaburini kabla jua halijachomoza. Walianza vijana wa Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu wa kanisa hilo hilo. Jumamosi tunafyeka majani na kusafisha makaburi, Jumapili saa kumi na moja tunasimama kati ya watu wetu gizani, matarumbeta yanalia, na mchungaji anaita, “Bwana amefufuka!” Watu wote wanaitikia, “Amefufuka kweli kweli!”

Pasaka yangu ya kwanza baada ya mtoto, nilikwenda kwa sababu ya kuogopa maneno ya watu. Nilisimama pembeni ya kaburi lake, bado halijajengewa, lina kijiti tu. Mchungaji akaita. Watu wakaitikia. Mimi mdomo haukufunguka. Sikuwa nakataa, sauti haikuwepo. Na nikasikia mama mmoja aliyesimama kulia kwangu anaitikia kwa nguvu, “Amefufuka kweli kweli!” halafu wote walipokwisha nyamaza akaitikia tena, peke yake, “Amefufuka kweli kweli!” Watu waligeuka. Vijana wa tarumbeta walicheka. Akaninong’oneza bila kunitazama, “Hiyo ya pili ni yako. Nimekuitikia. Ukipata sauti utanirudishia.”

Ni Mama Mwenyekiti.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Limenirudia jana usiku nikiwa nawaza jibu jingine la kumpa, na nikakaa kitandani nimekasirika, maana nilikuwa bado nataka kuendelea naye. Mwanamke yule hana ulimi laini, hajawahi kuwa nao. Alipofiwa yeye alisimama jikoni siku ile ile anagawa chumvi. Inawezekana kabisa kwamba kwa Kiswahili chake “umeshazoea” maana yake ni kwamba huyu njia anaifahamu, hatateleza. Inawezekana pia hakuwaza chochote. Nimejaribu kusema yale maneno kwa sauti yake, mara kumi hivi hapa mezani, mara nyingine yanatoka kama kofi na mara nyingine kama mkono begani. Mwanangu akachungulia akauliza naongea na nani. Nikamwambia na gauni.

Bado nadhani angeweza kupunguza sauti.

Jioni ya leo kwenye ibada ya mateso nilikaa nyuma yake. Ukutani pale juu wameandika upya, “Mwanakondoo ameshinda, tumfuate,” rangi imechuruzika kwenye herufi ya mwisho. Nikawa naangalia shingo yake, na nikaona nimempima vibaya, amekonda tangu Februari. Mabega yatamshuka. Kwa hiyo si pindo tu, itabidi nifumue mishono ya mabegani nibane sentimita mbili kila upande, na sitamwambia.

Jumapili nitasimama na binti wa bondeni upande wangu wa kushoto. Sauti ninayo siku hizi, ya kutosha mara mbili.

Uzi wa zambarau nimeukuta, ulikuwa chini ya meza. Nimeshaanza bega moja. Kinachonisumbua sasa hivi ni ng’ombe. Amegoma majani tangu asubuhi, pua imekauka, masikio ya moto, na maziwa ya jioni yametoka kikombe kimoja. Bwana mifugo simu yake haipatikani tangu saa moja, na daraja nimesema halipo. Mwenye namba ya mwingine wa upande huu wa mto aniandikie hata usiku huu, niko macho.