Jinsi nilivyompata babu kwenye faili za Mau Mau

Nyumbani kwetu Bahati tulijua tu kwamba babu alifungwa kwenye kambi ya Manyani wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na Mau Mau. Kumtafuta kwa jina kulinishinda, maana wenye jina lake Nakuru nzima ni wengi kama mchanga.

Aliyenifungulia njia ni shangazi. Sikumuuliza mwaka aliozaliwa babu (wazee wetu hawakuhesabu hivyo), nilimuuliza rika lake la tohara. Akajibu papo hapo: "Wa Forty huyo, mwanangu." Rika la Forty ni la waliotahiriwa karibu 1940, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa mtu mzima.

Kisha shangazi akanitolea kijaluba cha bati, kamba yake ya shingoni bado ipo. Ndani mlikuwa na kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni: alama za vidole zilizofifia, nambari, jina la baba yake, na mwandiko wa mwajiri, mzungu wa shamba la Njoro. Nambari hiyo ndiyo dhahabu. Jina karani aliliandika alivyolisikia, nambari haikubadilika.

Kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, niliomba faili za wilaya ya Nakuru za 1952 hadi 1954, nikapitisha kidole kwenye safu ya nambari tu. Nikampata, jina limekosewa herufi mbili.

Zimebaki zile faili za kikoloni ambazo Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa ilizificha Hanslope Park, kituo cha serikali yake. Sasa ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kwenye mfululizo wa FCO 141. Binamu anayeishi huko nimeshamtumia nambari.