Vile vya katikati

Nimetoka zamu saa mbili asubuhi, nimeoga, na usingizi umekataa kuja. Kabini yangu iko chini kabisa, haina dirisha, tunalala wawili kitanda juu ya kitanda. Mwenzangu yuko kazini huko juu anatandika vyumba vya abiria. Basi nina saa chache za kimya, na jambo la usiku wa kuamkia leo nataka niliandike likiwa bado la moto.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mwokaji mikate kwenye meli ya kitalii inayotoka Miami kila Jumamosi na kuzunguka visiwa vya Karibi kwa siku saba. Huu ni mwezi wangu wa sita kati ya minane ya mkataba. Naingia jikoni saa nne usiku, abiria wakielekea kulala, na mpaka wanapoamka inatakiwa mikate, keki na donati zote ziwe mezani. Donati ndizo zangu. Nyumbani watu hudhani naiona bahari kutwa. Siioni. Naijua kwa miguu tu, sakafu inapoinama na maji ya ndoo yakaegemea upande mmoja.

Kazi ya unga sikuanzia chuoni. Vyeti vya usalama wa baharini nilivipata Mombasa, lakini unga nilifundishwa na bibi yangu Kisauni, aliyewasomesha watoto wake kwa mahamri. Yeye hakuwa na saa wala mizani. Alibonyeza donge kwa kidole cha shahada: shimo likirudi haraka, unga haujafura bado, likirudi polepole, likabakiza alama kidogo, lete mafuta, lisiporudi kabisa, umechelewa. Hapa tuna kabati la kuumulia lenye vitufe vya joto na unyevu, kwa sababu hewa ya meli ni baridi na kavu, na donge ukiliacha wazi kidogo tu linaota ngozi. Hata hivyo, mpishi wetu mkuu wa mikate, mzee wa Kifilipino aliyekaa baharini zaidi ya miaka 20, haamini kabati. Usiku wangu wa kwanza alifungua mlango, akabonyeza donati moja kwa kidole cha shahada, akasubiri. Nilisimama pale na machozi yakanilengalenga. Bibi na huyu mzee hawatakutana duniani, ila kidole ni kile kile.

Kukaanga ndiko kulikonipa shida. Nimezoea karai na jiko la makaa, kuongeza moto na kupunguza kwa kuchokoa. Melini hakuna moto wa wazi, kila kitu ni umeme, kwa kuwa moto ndio jambo ambalo baharia anaogopa kuliko mawimbi. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka kikaangio kiwe na vidhibiti joto viwili, cha pili kikiwa cha akiba, na kengele ya kuonya kimojawapo kikiharibika, na juu yake mfumo wa kuzimia moto ambao ukifyatuka unakata umeme wenyewe. Bahari ikichafuka tunazima mafuta na asubuhi hiyo abiria wanakula vya kuoka.

Kuna kisa nilikisoma ambacho tangu nikijue siwezi kuikata donati bila kukikumbuka. Tundu la katikati, kwa maelezo ya mtu aliyedai ndiye mwanzilishi wake, lilizaliwa baharini. Anaitwa Hanson Gregory, wa jimbo la Maine, Marekani. Akiwa mzee, mwaka 1916, alilieleza gazeti la Washington Post kwamba yapata mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa melini, na donati za siku hizo ziliiva kingoni huku katikati zikibaki unga mbichi unaomkaa mtu tumboni. Akachukua kifuniko cha kopo la pilipili la pale melini, akaitoboa katikati. Ni hayo tu.

Nikiwaza hivyo namwona bibi. Tatizo lilikuwa lile lile, unga mzito kwenye mafuta ya moto, na watu wa pwani walilitatua kwa njia yao: sukuma duara jembamba, kata pembe nne, tumbukiza, mwagia mafuta juu kwa mwiko mpaka livimbe. Likivimba, ndani linabaki wazi, hakuna pa kubaki ubichi. Hamri nalo lina tundu, ila lake liko ndani. Nilimweleza mzee wa Kifilipino haya nikichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, akatikisa kichwa muda mrefu.

Kinachoniuma katika kazi hii ni kutupa. Donati zenye kastadi ndani zikitoka kwenye ubaridi hubandikwa saa, na zikitimiza muda wa saa nne bila kuliwa ni za kutupa, hata kama zinang'aa. Na chochote kilichokwisha kuwekwa mbele ya abiria hakirudi jikoni. Mara ya kwanza nilipoambiwa nimwage trei nzima, mikono ilikataa. Kwetu hamri lililolala halitupwi. Linapashwa moto asubuhi, linaliwa na mbaazi za nazi, na wengine wanalipenda hivyo kuliko la jana yake. Hapa mabaki yanasagwa mpaka vipande visizidi milimita 25, na katika Karibi hayamwagwi mpaka meli iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Mafuta yaliyotumika hayamwagwi kabisa, popote, yanashushwa bandarini. Nafurahi kwamba bahari inalindwa, lakini ile sauti ya mashine ikisaga donati sijaizoea na sitaki kuizoea.

Mwanzoni niliziona sheria hizi kama woga wa watu wenye chakula kingi. Ndoo tatu kila meza, nyekundu ya sabuni, ya kijivu ya kusuuza, nyeupe ya dawa. Kipimajoto mfukoni: cha baridi kisivuke nyuzi 5, cha moto kisishuke chini ya 57. Wakaguzi wa afya wa Marekani hupanda meli bila taarifa na kutoa alama katika 100, na 85 kushuka chini ni kufeli, basi siku hiyo hata wapishi wakubwa wanatembea kwa haraka.

Kisha mwezi wangu wa tatu yakaingia maradhi ya kutapika na kuhara. Norovairasi. Ilianza kwa abiria wachache, baada ya siku mbili ikashuka kwetu chini. Nilifungiwa kabini, natapika hadi nikaona kiza, chakula nikiletewa mlangoni na mtu aliyevaa glavu. Nikiwa nimelala pale nilielewa meli ni nini: maelfu ya watu wanaoshika reli moja na koleo moja la chakula, na hakuna wa kuondoka kwenda kwao. Kirusi kile hakiogopi sana zile dawa za mkono zenye spiriti. Kinaondoka kwa sabuni, maji na kusugua, sekunde 20 au zaidi. Nilipopona, koleo za kujihudumia zilikuwa zimeondolewa, na tulisimama nyuma ya meza tukiwapakulia abiria mmoja mmoja. Tangu hapo sijawahi kubishana na ile saa inayobandikwa.

Lakini kukubali saa si kukubali kukaanga ovyo. Nilichukua daftari, nikaanza kuandika kila asubuhi trei zilizotoka na zilizotupwa. Siku ya kutia nanga kisiwani, watu hukimbilia nchi kavu na nusu ya donati hubaki. Siku ya baharini tupu hazitoshi. Siku ya kushuka Miami hakuna anayekula, wamebeba mizigo. Nilimpelekea mzee kurasa zangu za wiki nne. Hakusema mengi. Wiki iliyofuata hesabu ya donati za siku za visiwani ilipunguzwa kwa theluthi moja, na siku nyingine tukawa tunakaanga kidogo kidogo kadiri zinavyoisha.

Vikabaki vile vya katikati. Kila donati ukiikata inakuachia kiduara kidogo. Ukivikusanya na kuvikanda upya vinatoa donati ngumu, unga umeshachoka, kwa hiyo vilikuwa vinakwenda kwenye mashine. Juzi nilimpigia bibi, kwao ikiwa saa tisa alasiri, amefunga, sauti iko chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwafuturu nini huko?"

Nikamweleza habari za donati, tundu na kifuniko cha pilipili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na vile vya katikati mwavifanyani?"

Nilinyamaza. Nikasema tunavitupa.

"Ramadhani hii? Si kaimati hizo?"

Usiku wa kuamkia leo nikaomba ruhusa. Mzee akasema sawa, kwa mabaharia tu, na viliwe vya moto. Nilichemsha shira ya sukari na maji, kamua ya limau, iliki niliyoipata kwa wapishi wa Kihindi nikaitwanga kwa chini ya kikombe. Viduara vilipotiwa kwenye mafuta vilizama kidogo, vikapanda, vikajigeuza vyenyewe kama vinavyofanya kaimati. Nikaviepua vya kahawia, nikavitia kwenye shira vikiwa bado vinalia.

Saa kumi alfajiri, ukumbi wa chakula wa mabaharia huwa na watu wachache. Mwezi huu wapo wanaokula daku: Waindonesia wa chumba cha mitambo, wapishi wawili, na kijana wa Likoni anayeosha vyungu, mwaka wake wa kwanza kutoka nyumbani. Niliweka bakuli katikati ya meza. Waindonesia walianza. Kijana wa Likoni alitia kimoja mdomoni, akaacha kutafuna, akaniangalia.

"Dada, humu kuna iliki?"

Nikamwambia ipo, ale. Nikarudi kuepua nyingine.