Chapati 110 na testi ya Jumatatu

Jumatatu saa mbili asubuhi nina testi ya kwanza ya takwimu. Mara ya mwisho kufanya mtihani wa hisabati nilikuwa kidato cha nne, nikatoka na D, na nyumbani alichinjwa jogoo. Sasa nina miaka 34, nasoma stashahada ya maendeleo ya jamii jioni baada ya kazi, na nusu ya darasa hunipa shikamoo.

Nilijiona mwenyeji wa somo hili. Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa. Nilizunguka na mjumbe nyumba hadi nyumba, kishikwambi mkononi, jioni miguu imevimba. Matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, nilihisi vile vitarakimu vya mwisho ni vyangu. Basi nikadhani takwimu ni kuhesabu. Kumbe kuhesabu ndiyo sehemu nyepesi.

Notsi zilikataa kuingia. Mifano yote ni ya wanafunzi wasio na majina waliopata alama fulani, na mimi kichwa changu hakishiki kitu kisicho na mwenyewe. Nikatafuta namba zangu. Za sensa haziguswi, tulikula kiapo cha siri. Nikaenda kwa mama mdogo, anapika chapati Barabara ya 12, hapahapa Ngamiani, na mauzo anaandika kwenye daftari la shule la mwanawe. Nikanakili siku saba, Jumamosi mpaka Ijumaa: 40, 42, 38, 45, 40, 35, 110. Ijumaa jirani alikuwa na hitima.

Jumla 350, gawa kwa 7, wastani 50. Namba ya kati nikaikimbilia: ya nne kwenye orodha, 45. Kosa. Lazima kwanza uzipange kutoka ndogo hadi kubwa. Zikipangwa, ya kati ni 40. Nimeliandika hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, maana najijua.

Nikamwambia mama mdogo kwa wastani anauza chapati 50 kwa siku. Akaguna.

"Hamsini? Siku gani hiyo?"

Nikatazama. Hakuna.

"Nikikanda unga wa hamsini kila siku, hizo kumi utakula wewe?"

Nilicheka, lakini ukurasa ule niliousoma mara nne ukafunguka palepale. Hata hitima ingekuwa ya chapati 500, namba ya kati ingebaki 40. Wastani ndio ungekokotwa kwenda mbali.

Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika mbali na wastani, ambao darasani kila mtu anauita SD, ulinilaza saa saba usiku. Kila siku unaitoa wastani: -10, -8, -12, -5, -10, -15, na Ijumaa +60. Zijumlishe, unapata sifuri. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Kumbe ndivyo inavyokuwa siku zote, na ndiyo maana tofauti zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe kabla ya kujumlishwa: 4,258. Halafu mwalimu anataka ugawe kwa 6, si kwa 7, kwa kuwa siku saba ni sampuli tu, kipande cha mauzo yote. Hapa ndipo nilipokwama. Kilichonikwamua ni sinia la pilau. Watu saba, vipande saba vya nyama: sita wanachagua, wa saba anachukua kilichobaki. Tofauti zikiwa lazima zijumlike sifuri, ukishazijua sita, ya saba haina hiari. Kipeuo cha pili cha jibu ni 26.64. Ijumaa moja tu ndiyo imefanya biashara ya mama mdogo ionekane ya kuyumba hivyo.

Nilipomwomba baba hela ya kikokotoo alinikazia macho. Kwa mwalimu mstaafu neno hilo ni hesabu ya mafao, si la kuchezea. Alinipa lakini. Ni Casio fx-82MS, na mara ya kwanza iliniambia nina siku 12. Sikuwa nimefuta namba za zoezi la nyuma. SHIFT, CLR, 1, kisha alama ya sawasawa: nimeshaifanya mpaka kidole kinajua chenyewe. Ina SD mbili pia. Ya kugawa kwa 7 inatoa 24.66, na hiyo ndiyo iliyompa rafiki yangu sifuri kwenye zoezi.

Imebaki uwezekano. Jana kulikuwa na swali: ukichomoa karata moja, uwezekano wa kupata ree ni upi? Nikaandika 1/9 bila hata kufikiri. Jibu ni 1/13. Mimi nimekulia barazani, wadogo zangu wanacheza wahedi wa sitini kwa karata 36, basi ree nne katika 36. Mwalimu anahesabu zote 52. Kopa haikunisumbua, 9 katika 36 au 13 katika 52 yote ni robo.

Nimemwomba mdogo wangu anitolee zile 16 wanazoziweka pembeni, nizitandike zote mkekani nizione. Ameleta 15. Nane ya shupaza iliwekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe, haijaonekana tena. Kwa hiyo hapa kwetu jibu ni 4/51.