Maiti iliyonikosesha usingizi

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya maiti. Msishtuke, ni ya kitabuni.

Nilikuwa nasoma Samskara, riwaya ya U. R. Ananthamurthy iliyotoka mwaka 1965 kwa lugha ya Kikannada, kule Karnataka, kusini mwa India. Brahmin mmoja mkaidi (mtu wa tabaka la juu la Wahindu), Naranappa, anakufa. Alikula nyama, akanywa pombe, akaishi na mwanamke wa tabaka la chini. Sasa nani amchome? Wenzake wanabishana huku mwili unaoza, na mila inakataza mtu yeyote kula kabla haujachomwa. Njaa, harufu, unafiki. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, maana mabishano ya namna hiyo nimeyasikia misibani kwetu.

Kilichonigusa zaidi: mwandishi alikuwa mwalimu wa Kiingereza, tena na shahada ya uzamivu ya Birmingham, lakini hadithi zake aliziandika kwa Kikannada. Mwaka 1994 akapewa Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi kule India, na 2013 akaingia fainali ya tuzo ya kimataifa ya vitabu, Man Booker International. Hata jina la jiji la Bangalore kurudi kuwa Bengaluru, yeye alikuwa mstari wa mbele kulipigania.

Mdomo wake nao haukuwa na breki. Aliwasema wanasiasa wazi wazi, na alipofariki Agosti 2014, wapo waliolipua fataki barabarani kushangilia. Fataki! Kwa mzee wa miaka 81 aliyekuwa na kalamu tu.

Mwenye kitabu chake kingine aniazime, nitarudisha. Safari hii kweli.